MREJESHO: Kabureta ya zamani isiyo na kibao

Niliuliza kabureta iliyotoka kwenye gari la Morris Minor ni ya aina gani, maana kibao chenye namba ya utambulisho (inayoanza na AUC au AUD) kilishapotea. Jibu: ni HS2 ya kampuni ya SU ya Uingereza. Koo lake (njia ya hewa) lina kipenyo cha inchi 1¼ (kama milimita 32), na kibomba laini kinatoka bakuli la boya hadi chini ya jeti (kitundu kinachotoa mafuta). HS4, ndugu yake mkubwa, ingekuwa na inchi 1½.

Kuosha ni kazi ndogo. Kinachoua kabureta hizi ni ekseli ya kipepeo (kisahani kinachofungua na kufunga hewa) kulika: hewa inapenya pembeni, mchanganyiko unakuwa mwepesi (hewa nyingi, mafuta kidogo), injini inapandisha na kushusha mlio ukiachia pedali ya mafuta. Ekseli ikicheza, badilisha pamoja na bushi zake. Kukaza skrubu hakusaidii kitu.

Pistoni ya kabureta ukiinyanyua bila damba (kifimbo cha juu kinachotuliza mwendo wake) na kuiachia, lazima ishuke yenyewe na kugonga "tak". Ikikwama, legeza jeti uiweke katikati upya. Pistoni msiipige msasa kamwe!

Kuanzia kurekebisha mchanganyiko, pandisha jeti ilingane na daraja (sakafu ya koo chini ya pistoni), kisha shusha nati ya chini ya jeti mizunguko miwili kamili. Kwenye damba weka oili ya SAE 20.