Kabini ya roshani yenye mwonekano uliozibwa kwa sehemu: tuichukue au tuiache?

Mwana wa Kamalondo

Ndugu wapendwa, baba na mama yetu wanatimiza miaka 50 ya ndoa, na sisi watoto tumekubaliana kuchanga fedha ili zawadi ya jubilei yao iwe safari ya meli ya utalii kutoka Durban hadi pwani ya Msumbiji, katika msimu wa Novemba hadi Aprili ambapo meli hizo huwapo upande huo. Jina la Durban sisi wa Lubumbashi tunalisikia kila siku kwa sababu ya malori ya shaba yanayopita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, lakini wazazi wetu hawajawahi kuiona bahari kwa macho yao, na ndiyo maana tunataka wapate roshani yao wenyewe badala ya kutafuta viti kwenye sitaha ya abiria wote.

Ajansi ya safari imetuwekea mbele kabini tatu. Ya kwanza ina roshani isiyozibwa na kitu, iko juu sana na karibu na sehemu ya nyuma ya meli, na bei yake inatulemea. Ya pili ina roshani pia, iko katikati ya meli kwenye sitaha ya chini zaidi, na imeandikwa kwamba mwonekano wake umezibwa kwa sehemu; bei yake inazidi kidogo tu ile ya kabini ya tatu, ambayo ina dirisha lisilofunguka. Baba ni mstaafu wa Gécamines, kampuni ya migodi, magoti yake yamechoka, na muda mwingi atakuwa ameketi. Naomba walio na ujuzi watueleze kinachozibwa ni nini hasa, na kama tofauti ya bei inastahili.

Mama wa Katuba

Hongereni kwa jubilei ya wazazi. Katika meli nyingi kinachoziba ni mashua za uokoaji pamoja na mikono ya chuma inayozishikilia na kuziteremsha. Baada ya Titanic kuzama mwaka 1912, mataifa yalikubaliana mwaka 1914 juu ya mkataba wa usalama wa maisha baharini, ambao leo unafuatwa kwa toleo la mwaka 1974 lenye marekebisho mengi, na kwa mkataba huo meli ya abiria lazima iwe na mashua ubavu wa kulia na wa kushoto, zikiwa zimewekwa mahali ambapo watu wanaweza kupanda na kushushwa majini bila kutoka juu mno. Hiyo ndiyo sababu mashua hizo hupangwa kwa safu kwenye sitaha za chini, na kabini zilizo sambamba nazo au juu yake kidogo ndizo zinazouzwa kwa bei nafuu.

Hata hivyo, maneno hayo mawili, “kwa sehemu”, yanabeba hali zilizo mbali sana. Kuna roshani ambayo mashua iko chini yake, kiasi kwamba ukiangalia chini unaona paa la mashua, lakini ukiangalia mbele bahari yote ni yako. Kuna nyingine ambayo mashua imesimama usawa wa kifua, na inachokuachia ni ukanda mwembamba wa anga. Zote mbili zinaweza kuandikwa vilevile katika orodha ya bei. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha bei, ulizeni paa la mashua linafika wapi: kwenye sakafu ya roshani, kwenye reli ya kushikilia, au juu ya reli?

Mzee wa Ruashi

Mwanangu, nami nakupongeza, lakini nitasema kinyume. Kabini ya dirisha inatosha. Wazee wenye umri huo hulala mapema, upepo wa bahari ni mkali, na meli hizo zina kumbi nyingi zenye vioo vikubwa ambamo baba yako anaweza kuketi kwa raha na kuitazama bahari bila kulipia zaidi. Fedha mtakazookoa ziwalipie wazazi usiku mmoja wa hoteli mjini Durban kabla ya kupanda meli, kwa maana kushuka kwenye ndege ya Johannesburg, kubadilisha ndege na kukimbilia bandarini siku hiyohiyo ni mateso kwa mtu mwenye magoti mabovu.

Dada wa Kampemba

Papa, nakubaliana nawe kabisa kuhusu hoteli, lakini kuhusu dirisha naomba tusikubaliane. Nimewahi kulala katika kabini za namna zote mbili. Dirisha lisilofunguka linaonyesha bahari, ila hulisikii wimbi wala hupati harufu ya chumvi, na kwa mtu anayeiona bahari mara ya kwanza hilo ni pungufu kubwa. Roshani, hata ikiwa na mashua mbele yake, inampa hewa, sauti na mahali pa kunywa chai bila kuvaa nguo za kutokea mbele ya watu.

Jambo ambalo sijaona likitajwa ni kimo cha macho. Picha za kabini hupigwa na mtu aliyesimama. Baba akiketi, macho yake yatashuka karibu nusu mita, na hapo kitu ambacho kilikuwa chini ya upeo wa macho kinapanda na kuuziba. Tena reli ya roshani ina uzito uleule katika jambo hili: zipo roshani zenye reli ya kioo, na zipo zenye ukuta wa chuma unaofika kiunoni, ambazo mwenye kuketi haoni maji kabisa ingawa ajansi inaziita hazijazibwa. Mfano unaojulikana ni Queen Mary 2, meli iliyoanza safari zake mwaka 2004. Mashua zake zimewekwa juu kuliko kawaida kwa ajili ya mawimbi ya Atlantiki ya Kaskazini, hivyo zinaziba kabini za sitaha ya 8. Lakini chini yake zipo roshani zilizochimbwa ndani ya ubavu wa meli, zenye ukuta wa chuma mbele, ambapo lazima usimame ili uitazame bahari vizuri. Kwa baba yako, roshani ya kioo yenye mashua chini yake ni bora kuliko roshani ya chuma isiyo na mashua.

Mwana wa Kamalondo

Nawashukuru sana. Nimerudi ajansi na maswali yenu. Wamejibu kwamba reli ni ya kioo, na kwamba paa la mashua linafika kidogo juu ya sakafu ya roshani. Lakini wanasema kuna mikono ya chuma inayopanda hadi sitaha ya juu, na hawakuweza kuniambia kama mmojawapo unasimama mbele ya kabini yetu. Pia ninahofia kelele.

Fundi wa Kenya (mtaa wa Lubumbashi)

Ndugu, hilo la mkono wa chuma usiliache kwa ajansi. Chukua ramani ya sitaha, kisha utafute picha ya meli hiyo iliyopigwa kutoka ubavuni ikiwa bandarini, na uhesabu roshani kuanzia mwanzo wa safu hadi ufike kwenye namba yenu. Mashua ya kawaida ya kubeba watu 150 huwa na urefu unaoziba upana wa kabini tatu au nne, na kati ya mashua moja na nyingine hubaki pengo. Kabini inayoangukia kwenye pengo, ikiwa haikuangukia mkono wa chuma wenyewe, huona karibu sawa na ile ya bei ya juu. Wanaojua huziwahi hizo mapema sana.

Kuhusu kelele, jibu ni ndiyo. Mabaharia hulazimika kukagua mashua kila wiki, na kila moja sharti iteremshwe majini ikiwa na wahudumu wake angalau mara moja katika miezi mitatu, kazi ambayo kwa kawaida hufanyika meli ikiwa bandarini. Katika pwani ya Msumbiji, kwenye vituo kama Pomene, meli hutia nanga mbali na ufuo na abiria hupelekwa nchi kavu kwa mashua, na meli nyingi hutumia baadhi ya mashua hizohizo zilizo mbele ya kabini. Asubuhi hizo mtasikia winchi na sauti za wafanyakazi, na ni vizuri mama afunge pazia. Faida yake ni kwamba mashua ikishuka, mwonekano unafunguka mpaka jioni.

Zingatieni pia mtikisiko. Meli hupanda na kushuka zaidi kwenye ncha zake, na kuyumba huku na huku huhisiwa zaidi kadiri unavyokaa juu. Kabini ya pili, iliyo katikati na chini, ni tulivu kuliko ile ya kwanza, iliyo juu na nyuma, na kwa watu wasiozoea bahari mimi ningeilipia hata kama bei zingekuwa sawa.

Mama wa Katuba

Naongeza kuhusu upande. Meli ikielekea kaskazini kutoka Durban, ubavu wa kulia hutazama mashariki, kwenye bahari wazi na jua linapochomoza. Ikirudi, ubavu huohuo hutazama magharibi. Kwa hiyo msilipie zaidi kwa ajili ya upande. Lakini msikubali bei ya punguzo ambayo kampuni ndiyo inayowachagulia namba ya kabini baadaye, kwani mnaweza kupewa ile iliyozibwa kabisa, na kwa kuwa mmekwisha kukubali kwa maandishi, hamtakuwa na dai.

Mzee wa Ruashi

Maelezo ya mtikisiko yamenigusa. Ikiwa mtapata pengo, chukueni roshani. Msipolipata, ninabaki kwenye dirisha. Hoteli ya Durban msiiache.

Mwana wa Kamalondo

Papa, hoteli tumeiweka. Nimehesabu roshani kwenye picha kama alivyoelekeza Fundi: kabini tuliyopewa ina mkono wa chuma mbele yake upande wa kushoto, ila ile ya pili kutoka hapo, kuelekea nyuma, iko kwenye pengo na bado haijachukuliwa, kwa bei ileile. Dada yetu mkubwa atapita ajansi kesho kulipa arbuni, naye atadai namba ya kabini iandikwe kwenye risiti kabla ya kutoa fedha.