Mjadala: Shrewsbury ya Uingereza tuisome "Shrozberi" au "Shruzberi"?

Mtoa mada:
Wadau, Shrewsbury ni mji wa magharibi mwa Uingereza, karibu na mpaka wa Wales, na wenyeji wake hawajakubaliana jinsi ya kuutamka. Wapo wa "Shroz" na wapo wa "Shruz", na kila upande unadai historia ni yake. Mimi ni wa "Shroz". Zamani uliitwa Scrobbesbyrig. Byrig ni ngome, hapo hakuna ubishi. Scrobb wengine wanasema alikuwa mtu, wengine wanasema ni vichaka. Mimi nashika vichaka, maana huyo bwana Scrobb hajulikani alikotoka wala alichofanya. Vyovyote iwavyo, hapo pana "o". Anayetaka "u" atuonyeshe ilipo.

Mchangiaji wa 2:
Mkuu, ukianza kufukua utafukua mengi. Kitabu cha Domesday cha 1086, alichoagiza mfalme William ili ajue nani anamiliki nini, kimeandika Sciropesberie. Nayo tuitamke hivyo? Makarani wa Kinormani, yaani wa watawala waliotoka Ufaransa, zile konsonanti za mwanzo ziliwashinda, wakachomeka irabu katikati, kisha "r" ikageuka "l", tukapata Salopesberie, mwisho Salop. Na Salop haikuishia kwenye makaratasi ya kale: mwaka 1974 kaunti nzima ulimo mji huo iliitwa hivyo rasmi, hadi 1980 iliporudishiwa jina la Shropshire. Mwenyeji wa huko mpaka leo ni Salopian. Karani kashindwa kutamka, watu wakarithi! Kwa hiyo tusome kilichoandikwa sasa: "ew", kama kwenye "new".

Mtoa mada:
Na "sew", ile ya kushona, unaisomaje? Si "so"? Hata "show" Waingereza waliwahi kuiandika "shew". Hizo herufi zimebeba sauti zote mbili, huwezi kuziita shahidi wa upande wako peke yake.

Mchangiaji wa 3:
Mnabishana makaratasi tu. Shule ya Shrewsbury, ya kulipia, aliyosoma Charles Darwin, kwa desturi yao ni "Shroz". Nenda uwanjani siku Shrewsbury Town, timu ya soka ya mji huo, inacheza, "Shruz" ndiyo imejaa. Ukimsikia mtu anatamka, watu wanaanza kukisia kasoma wapi na baba yake anafanya kazi gani. Ndiyo maana ubishi hauishi, wala msimsingizie Scrobb wa watu. Mgeni akiniuliza nitamwambia atamke kama mwenyeji wake anavyotamka.

Mtoa mada:
Na wenyeji wake wakiwa wawili, mmoja wa shule na mmoja wa uwanjani?

Mchangiaji wa 2:
Awafuate wa uwanjani. Timu ikiwakolea wanaishangilia "Salop", ileile ya makarani.