Tupeane uzoefu: redio, ngoma na kaseti za shabiki wa Nyanda za Juu Kusini

Mleta mada
Wadau wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songea, habari za mchana. Uzi huu ni wa sauti tu: redio unayokwenda nayo uwanjani, ngoma za jukwaani, na kaseti za zilipendwa na za matangazo ya mpira zinazolala kabatini kwa wazee. Usajili na waamuzi vina nyuzi zake. Anayejua jambo alimwage kwa vipimo: unafanya nini, kwa kifaa gani, na kinaharibika kwa nini. Wa kutuhadithia maisha yake asubiri wikiendi.

Mwana-Mafiati
Naanza na redio. Uwanja wa Sokoine hapa Mbeya ukijaa, intaneti ya simu inakuwa nzito kwa sababu maelfu ya watu wanagombea minara ileile. Kama unataka matokeo ya viwanja vingine, hasa siku ya mwisho ya ligi ambapo mechi zote zinapigwa kwa wakati mmoja, usitegemee kusikiliza kwa intaneti. Beba redio ndogo ya betri mbili, au simu yenye FM ndani yake. Simu za namna hiyo zinataka waya wa spika za masikioni uwe umechomekwa, maana huo waya ndio antena. Ukiukunja mfukoni stesheni inakatika. Unyooshe upite begani.

Jiji letu limekaa bondeni, milima pande mbili. FM husafiri kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo mlima ukikaa kati yako na mnara, hata redio ya bei mbaya itakoroma. Hapo kusogea hatua tatu nne kunasaidia kuliko kuvuta antena. Masafa ya kati ni habari nyingine: antena yake ni kile kijiti cheusi kilichozungushiwa waya ndani ya redio. Antena ya chuma ya juu hata uivute vipi haibadilishi kitu. Geuza redio yenyewe taratibu, robo duara hivi, mpaka sauti inyanyuke. Usiku masafa ya kati yanafika mbali sana kwa kuwa yanadundishwa na tabaka la juu la anga, ndiyo maana wazee walikuwa wanazinasa stesheni za nchi jirani baada ya saa 2.

Betri: usichanganye mpya na kuukuu, ile kuukuu itaivuta mpya. Baridi ya Juni inapunguza nguvu ya betri, kwa hiyo redio ikae mfuko wa ndani wa koti. Mechi ikiisha na hutaiwasha wiki nzima, toa betri. Ule unga mweupe kwenye vyuma vya betri futa kwa pamba yenye maji ya limau, kisha futa kwa kitambaa chenye maji kidogo, kausha kabisa ndipo urudishe betri.

Kijana wa Uyole
Mkuu, na kwenye vibanda umiza? Kwa nini jirani anashangilia goli wakati sisi mpira bado uko katikati?

Mwana-Mafiati
Kila chombo kina ucheleweshaji wake. Redio ya FM ndiyo ya kwanza kama mtangazaji yuko uwanjani na studio haipitishi matangazo kwenye intaneti. King'amuzi kinafuata, maana picha inapanda setilaiti, inashuka, halafu inafunguliwa. Intaneti ya simu ni ya mwisho, nusu dakika au zaidi. Mwenye kibanda anayezima sauti ya televisheni na kuweka ya redio atawaharibia wateja wake utamu: watasikia goli kabla ya kuliona.

Binti Ipogolo
Nikazie kidogo upande wa Iringa. Uwanja wa Samora una upepo, na upepo unaharibu sauti kuliko umbali. Ukirekodi nyimbo za mashabiki kwa simu, ule mvumo mzito unaosikika baadaye ni upepo unaoigonga maikrofoni. Funika kitundu cha maikrofoni kwa kipande cha soksi ya sufu au sponji, tabaka moja tu. Kidole hapana, kinaua sauti. Geuka mgongo uelekee upepo unakotoka, mwili uwe kinga. Na msikae mita mbili kutoka kwenye ngoma kubwa halafu mlalamike sauti imepasuka. Mita 10 mpaka 15, juu kidogo ya kikundi, hapo unapata kiitikio na ngoma kwa pamoja.

Mnaotoka mbali kwa basi, mshuke Igumbilo au Ipogolo kisha mpande daladala za mjini. Uwanja uko juu mjini, na kupandisha ule mlima kwa miguu na ngoma begani si mchezo.

Ngoma ya Rungwe
Kwenye ngoma nisikilizwe kidogo, maana nasikia vikundi vingi vinapiga ngoma zilizolegea halafu vinajaziliza kwa vuvuzela.

Ngozi inakunywa unyevu. Tukuyu na Rungwe kwetu mvua haichoki, kwa hiyo ngoma iliyolala chumba chenye sakafu ya udongo itaamka imelegea. Dawa ni moto, lakini moto wa makaa, siyo wa miali. Weka ngoma ubavu, uso wa ngozi uutazame moto kutoka mkono mmoja hivi, ukiizungusha kila dakika moja. Gonga pembeni kwa kidole kila baada ya muda, utasikia sauti ikipanda. Ikifika unapotaka, ongeza kidogo tu, kwa sababu itashuka ukifika uwanjani. Ukiona ngozi inaanza kung'aa na kukakamaa ukingoni, umezidisha, na itapasuka pale kwenye vigingi, siyo katikati. Ngoma ya kigingi kimoja kilicholegea inakoroma upande mmoja. Gongea hicho kigingi polepole, halafu na cha mkabala wake, usizunguke duara.

Mvua ikinyesha katikati ya mechi, acheni kupiga. Ngozi iliyolowa ukiichapa inanyooka moja kwa moja hairudi. Beba mfuko mkubwa wa nailoni na uifunike hapohapo. Ikilowa, ikaushwe kivulini siku mbili kabla haijaona moto. Ngoma za uso wa plastiki hazina shida hiyo, ila sauti yake ni ya bati na haisafiri. Kikundi chenye akili kinabeba moja ya plastiki kwa siku za mvua na mbili za ngozi.

Kipaza sauti cha mkono: kiongozi asiweke sauti mpaka mwisho. Ikikwaruza, maneno hayasikiki na betri zinaisha kipindi cha kwanza. Robo tatu inatosha.

Kijana wa Uyole
Shikamoo wazee. Kuna kaseti nyumbani, zingine za zilipendwa, zingine zimeandikwa majina ya timu kwa kalamu. Moja inapiga kelele kama panya ikizunguka, nyingine sauti imefifia upande mmoja. Zinatibika?

Fundi wa Makambako
Marahaba. Zinatibika nyingi, lakini usizicheze kwanza. Kaseti iliyokaa miaka 20 ukiitia kwenye deki bovu inaliwa dakika ya kwanza.

Anza na deki lenyewe. Fungua mlango, utaona hedi (kile kichuma kinachong'aa), mhimili mwembamba wa chuma, na rola ya mpira inayougusa. Chukua pamba za masikioni na spiriti safi isiyo na mafuta wala manukato. Sugua hedi mpaka pamba itoke nyeupe, kisha mhimili. Rola ya mpira isugue kwa spiriti kidogo sana au maji ya sabuni, maana spiriti nyingi inakausha mpira. Rola iliyong'aa kama kioo imekufa, na ndiyo inayokula kaseti. Ngoja dakika tano vikauke.

Halafu mkanda wa mota. Kama nyimbo zinavuta na kuyumba, au deki linalia bila kuzungusha, mkanda umelegea au umeyeyuka kuwa kitu kama lami. Kipimo cha mkanda mpya: zungushia uzi njia yote ya mkanda wa zamani, pima urefu, kisha nunua ulio mfupi kidogo, asilimia 5 hivi. Ukikaza mno mota inachoka, ukilegeza sauti inayumba. Ule wa zamani uliotapakaa usafishe wote kwenye magurudumu, usiache hata doa.

Sasa kaseti. Ikague kwa mwanga kwenye kidirisha. Unga mweupe kwenye kingo za utepe ni ukungu, na huku kwetu ni wa kawaida. Usiitie kwenye deki lako zuri, itachafua na nyingine zote. Ikauke kwanza mahali pakavu penye hewa, siku kadhaa, siyo juani wala karibu na jiko. Kisha izungushe kwa mkono kwa kalamu ya Bic mpaka mwisho na kurudi. Ile inayopiga kelele mara nyingi utepe umejifunga kwa kubanana. Kuizungusha yote kwenda na kurudi mara moja kunailegeza. Bado inalia? Gamba limepinda. Nunua kaseti ya bei rahisi iliyofungwa kwa skrubu tano, ifungue kwa bisibisi nyota ndogo, toa ya ndani, hamishia utepe wako humo. Fungua gamba likiwa limelala mezani juu ya kitambaa cheupe. Lile karatasi jembamba la kuteleza lirudi lilivyokuwa, na zile rola mbili ndogo za pembeni ndizo hupotea. Kaseti isiyo na skrubu imegandishwa: pitisha kisu chembamba kwenye mshono, pole pole, kuanzia kona ya juu, kamwe siyo upande ulio na utepe.

Ile iliyofifia fungua utazame kile kipande cha sponji chenye kibati chembamba cha shaba kinachosukuma utepe kwenye hedi. Sponji ikidondoka utepe hauigusi hedi sawasawa, na sauti inakuwa ya chini ya maji. Hamisha sponji kutoka kaseti nyingine, gundi tone moja. Kama sponji iko salama, basi ni skrubu ndogo ya kando ya hedi. Izungushe robo tu, huku unasikiliza matoazi, mpaka sauti kali ifunguke. Weka alama ya kalamu ulipoikuta kabla hujagusa.

Utepe uliokatika unganisha kwa selotepu maalumu ya kaseti, upande wa nyuma, ule usiogusa hedi. Selotepu ya dukani inatoa gundi kwa joto na itaganda kwenye mzunguko unaofuata.

Mzee wa Deki
Fundi kasema kweli. Mimi niongeze juu ya hizo zilizoandikwa majina ya timu, maana vijana wanazitupa wakitafuta nyimbo.

Kipindi cha mpira ni dakika 45. Upande mmoja wa C90, yaani kaseti ya dakika 90, ni dakika 45. Kwa hiyo aliyerekodi mechi redioni kwa makini alitumia C90, kipindi cha kwanza upande A, cha pili upande B, na dakika za nyongeza mara nyingi zikakatika. Aliyetumia C60 alipoteza dakika 15 kila kipindi. Shida ya C90 ni utepe wake mwembamba kuliko wa C60, unavutika na kujikunja upesi. Hiyo ndiyo kaseti ya kuhamisha kwanza, kabla ya muziki.

Tukuyu Stars walipobeba ubingwa wa 1986, Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni. ITV ilianza 1994. Wimbo wa bendi utaupata kwa mtu mwingine, una nakala nyingi. Matangazo ya mechi yaliyorekodiwa sebuleni Tukuyu yanaweza kuwa nakala moja tu duniani. Na kagueni vile vidude viwili vya nyuma ya kaseti. Kama bado vipo, vivunje, ili mtu asirekodi juu yake kwa bahati mbaya.

Kaseti za muziki zisizo na tarehe, soma jina la bendi. Iliyoandikwa NUTA Jazz ni ya kati ya 1964, ilipoanzishwa, na mwishoni mwa miaka ya 1970, chama cha wafanyakazi cha NUTA kilipogeuka JUWATA na bendi ikabadili jina. OTTU ni miaka ya 1990. Bendi ileile ndiyo Msondo Ngoma. Mlimani Park, yaani Sikinde, ilianza 1978, kwa hiyo anayekwambia ana Sikinde ya 1975 anakupiga. Mbaraka Mwinshehe alitoka Morogoro Jazz akaanzisha Super Volcano 1973, akafariki 1979. Jina la bendi kwenye kaseti linakupa kipindi. Sauti ya mwimbaji peke yake isikudanganye. Waimbaji Gurumo na Bitchuka wote waliimba Msondo na Sikinde, wakihama kama wachezaji wa Kariakoo.

Binti Ipogolo
Kuhamishia kwenye kompyuta, hii ndiyo njia. Deki liwe na tundu la kutolea sauti. Waya wa jeki ndogo unatoka hapo kwenda tundu la kuingizia la kompyuta. Kompyuta nyingi mpya zina tundu moja la maikrofoni tu, nalo linaingiza upande mmoja tu wa sauti, yaani mono, siyo kushoto na kulia. Kadi ndogo ya sauti ya USB yenye tundu la kuingizia inamaliza hilo. Programu ya Audacity ni ya bure. Rekodi kwa 44.1 kHz, biti 16, stereo. Angalia mshale: sauti ya juu kabisa iishie karibu na -6. Ikigusa 0 imepasuka na haitengenezeki.

Faili ya WAV inakula karibu MB 10 kwa dakika, yaani C90 nzima ni karibu MB 900. Hiyo ndiyo ihifadhiwe, nakala mbili, moja kwenye fleshi na nyingine kwa ndugu mji mwingine. MP3 ya kutuma kwenye makundi ifanye baadaye, kutoka kwenye WAV. Usiondoe mkwaruzo wote kwa programu. Ukizidisha, gitaa la solo linasikika kama limo ndani ya ndoo.

Kijana wa Uyole
Na simu haiwezi kufanya kazi hiyo?

Binti Ipogolo
Inaweza kwa dharura, yenye tundu la jeki. Inataka waya wa pini yenye mistari mitatu myeusi, siyo miwili, na itarekodi upande mmoja. Kwa matangazo ya mpira hakuna hasara, redio yenyewe ya masafa ya kati ilikuwa ya upande mmoja. Kwa bendi, tafuta kompyuta.

Fundi wa Makambako
Kijana, kaseti iliyotoka kwenye kabati la baridi ikae chumba kile chenye deki saa mbili tatu kabla ya kucheza. Ikiingia sebuleni kwenye jiko la mkaa papo hapo, mvuke unaganda juu ya utepe na unanata kwenye hedi. Zihifadhi zikiwa zimesimama, mbali na spika, maana ile sumaku ya spika inafuta. Hizo za timu, umesema zimeandikwaje? Tutajie mwaka na jina la timu pale upande A.