Naomba ushauri: faili linakatika katikati likienda meinfremu

Habari zenu wakuu, hasa mliowahi kushika z/OS (mfumo endeshi wa meinfremu, zile kompyuta kubwa za IBM). Kuna faili la malipo tunalituma kila usiku kwa FTP kutoka seva ya Linux kwenda meinfremu, zamani lilikuwa linapita freshi tu ila tangu lianze kunenepa linafika katikati linakata, logi inatema 451 (uhamishaji umeshindikana) na chini yake B37-04 (nafasi ya kuandikia imeisha). Faili dogo la majaribio linaingia bila shida kwa hiyo sidhani kama ni fayawoli wala paswedi.

Nimeongeza PRIMARY na SECONDARY (nafasi ya kuanzia na ya nyongeza) kwa amri ya SITE, ile ya kuipa seva ya FTP mipangilio, kabla ya put (kutuma), RECFM=FB na LRECL=200 (muundo na urefu wa rekodi) sijazigusa, natuma kwa ASCII ili herufi zigeuzwe kuwa EBCDIC (msimbo wa herufi wa meinfremu). Wapi! Nikiangalia data seti (faili lenyewe huko meinfremu) naikuta ishamaliza ekstenti (vipande vya nafasi) zote 16, halafu jamaa wa storeji anashikilia kwamba diski ina nafasi tele (mnawajua lakini hao).

Sasa, kwa kuwa data seti tayari ipo, inawezekana hizo SITE zangu zinapuuzwa na inabidi niifute kwanza ndo nitume? Na UCOUNT=2 (idadi ya diski za kutumia) itafanya ihamie volyumu (diski) ya pili au mpaka watu wa SMS (mfumo wa kusimamia storeji) waguse data klasi (mipangilio ya jumla ya data seti)? Natanguliza shukrani.