Naomba ushauri: mafuta ya midomo ya nta ya nyuki yanatoa jasho, oda ni ya Jumamosi ijayo

Binti_Mbagala
Wakuu, habari za jioni. Nipo Dar, natengeneza mafuta ya midomo ya asili nyumbani. Nta ya nyuki na mafuta ya nazi, basi. Nina oda ya vikopo 120, zawadi za wageni kwenye sendofu Jumamosi ijayo, na nusu ya hela nimeshapewa na nimeshaila. Shida ni moja tu: usiku yanaganda vizuri, ikifika saa saba mchana juu kunatoka vitone kama jasho. Niongeze nini yakaze? Matusi sitaki, presha ninayo tayari.

Fundi_Saa
Ngoja waje wataalamu. Nakaa hapa na karanga zangu.

Mzee_wa_Mizinga
Binti, nta umenunua kwa nani? Mjini wanaichanganya na mshumaa. Nta halali ukiifikicha inanukia asali. Ya mshumaa inateleza tu mkononi. Mimi ni wa Sikonge. Marehemu baba alikuwa anapanda mti usiku na kienge cha moshi, mzinga wenyewe wa gome, sisi watoto chini tunaambiwa tusikohoe. Masega yaliyokamuliwa mama alikuwa anayafunga kwenye gunia, anachemsha, nta inapanda juu ya maji, asubuhi unakuta imeganda kama chapati ya njano. Nimetoka nje ya mada, ila anza na nta.

Mama_Vipimo
Dada, mafuta ya nazi yanayeyuka kwenye nyuzi 24 au 25. Mchana wa Dar hayo ni maji. Nta inangoja mpaka nyuzi 62 na kuendelea, kwa hiyo ndiyo inayobeba mzigo. Acha kupima kwa kijiko, tafuta mizani ya jikoni. Mimi naweka nta gramu 25, nazi 40, siagi ya shea 35. Yeyusha kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto, dondosha tone kwenye kisosi, weka friji dakika 2, kisha libonyeze kwa ukucha ujue kama limekaza.
Lakini hivyo vitone vinanitia shaka. Futa kimoja kwa tishu. Doa likibaki linang'aa ni mafuta, likikauka ni maji.

Binti_Mbagala
Nimefuta. Limekauka.
Sawa, kuna shubiri kidogo. Nilisaga kwa brenda nikachuja. Na asali. Mbona mtandaoni wanaweka?

Mama_Vipimo
Si ulisema nta na nazi, basi? Maji na mafuta hayaoani hivyo. Wiki mbili tu mgeni anafungua kopo anakuta ukungu, na hapo watu wanachovya vidole. Usije ukaniambia umeweka vitamini E. Hiyo inachelewesha mafuta kuchacha, ukungu haiujui.

Ustaadh_wa_Kona
Bibi zetu walipaka mafuta ya nazi waliyokamua wenyewe na waliolewa. Sasa hivi mpaka mgeni wa sendofu apewe kopo la midomo. Harusi zimekuwa maonyesho.

Nesi_wa_Zamu
Dada, mtu hapati presha kwa sababu ya jasho la kopo. Kuna aliyeyatumia?

Binti_Mbagala
Mmoja tu. Midomo ilivimba kidogo, ila siku hiyo alikuwa amekula kamba.

Nesi_wa_Zamu
Mmoja nani?

Binti_Mbagala
Bibi harusi.

Fundi_Saa
Karanga zimemwagika.

Nesi_wa_Zamu
Taja vyote ulivyoweka. Vyote.

Binti_Mbagala
Ndimu, kwa ajili ya weusi. Na mafuta ya mdalasini, kijiko cha chai kwenye sufuria nzima. Alitaka midomo ya pinki kwenye picha, mwenyewe alisema! Na vikopo nimeshanunua vyote 120, stika zimeshachapwa "Asilia 100%". Siwezi kuanza upya.

Nesi_wa_Zamu
Kamba hawana kosa. Mafuta ya mdalasini yanaunguza midomo ya wengi hata yakiwa kidogo. Na ndimu ukipaka ukatoka juani, ngozi inaungua, kisha inabaki na doa jeusi, kinyume cha ulichoahidi. Mwambie aache kabisa, aoshe, apake mafuta ya mgando yasiyo na harufu. Ulimi ukivimba au akipumua kwa shida, hospitali muda huo huo, si kesho. Na asidanganywe kuhusu kamba.

Mpenda_Haki
Halafu vipodozi vya kuuza vinasimamiwa na TBS, shirika la viwango, tangu 2019, si TFDA tena, ile mamlaka ya chakula na dawa. Hiyo "100%" yako ina kibali?

Chai_Bila_Sukari
Wakuu, mnahangaika bure. Nimepekua mada zake za nyuma humu. Mwezi wa tatu huyu huyu alikuwa anatafuta gia boksi ya Noah na akasema "mke wangu anasumbua". Leo ni binti wa Mbagala. Hii ni chai, stori ya kutunga, subirini namba ya kuweka oda.

Fundi_Saa
Nilijua! Bibi harusi, kamba, ndimu, alibakiza mchawi tu.

Ustaadh_wa_Kona
Na mimi nimepoteza mawaidha yangu.

Binti_Mbagala
Akaunti ni ya mume wangu, na gia boksi mpaka leo hajapata. Picha hiyo hapo, vikopo viko juu ya kabati la vyombo.

Mzee_wa_Mizinga
Nimeikuza picha. Vitone vinaonekana, na kopo la tatu kutoka kushoto lina kijani pembeni. Chai haioti ukungu, mwacheni binti. Nta yako nayo nyeupe mno, hapo huenda umeuziwa mshumaa.

Mama_Vipimo
Mwaga yote. Vikopo vioshe, vikauke kabisa. Kwa vikopo vya gramu 10 unahitaji kilo 1 na robo hivi, nta gramu 300 na kidogo. Jioni moja inatosha. Usiweke maji, asali, ndimu wala viungo. Jaribu kwanza kwenye mkono wako, kwa ndani, usubiri siku mbili. Muda bado unao.

Nesi_wa_Zamu
Umeshaongea na bibi harusi?

Binti_Mbagala
Nitaongea naye, kamati inakutana Alhamisi. Ahsanteni wote. Sasa nikitoa ndimu na shubiri, nikabakiza mdalasini matone mawili tu?