Kipisi na tela: kwa nini tela linanichezea mkia?

Dereva wa Kiboriloni
Heshima kwenu wakuu, wazee wangu shikamooni. Nimeendesha semi (kichwa ambacho tela lake linalalia mgongoni) miaka sita bila shida. Mwezi huu bosi kanihamishia kwenye kipisi: gari lina bodi yake, nyuma linavuta tela la ekseli tatu. Nabeba mahindi kutoka Babati kuja Moshi.

Juzi nashuka mteremko wa Kikafu, bodaboda akachomoza kushoto. Nikakata usukani kidogo tu, kama mtu anayekwepa shimo. Gari likatulia palepale. Kucheki kioo, tela linakwenda kulia, likarudi kushoto, likaenda tena. Utingo wangu kashika dashibodi anataja watakatifu mmoja mmoja. Nyie mlioanza zamani, hii ni breki, ni tairi au ni mimi?

Halafu rivasi. Ghalani Pasua nimehangaika dakika arobaini, wapakuaji wamekaa juu ya magunia wananichambua.

Mzee wa Njia Panda
Marahaba mwanangu. Kabla ya breki, niambie mzigo ulikaaje. Mbele gunia ngapi, kwenye tela ngapi?

Dereva wa Kiboriloni
Mbele 150, tela 200. Tela ndilo lilikuwa karibu na mlango wa ghala, wakaanza nalo. Mizani tumepita salama.

Mzee wa Njia Panda
Basi umejijibu. Mizani inatazama uzito wa kila ekseli na jumla, na kikomo cha Afrika Mashariki ni tani 56. Kwamba tela limelizidi gari linalolivuta, hilo haikuambii.

Semi ina kiungo kimoja, pale kwenye sahani tela linapokalia kichwa. Wewe sasa unavyo viwili: ndoano ya nyuma ya gari inayoshika tela, na ile sahani inayozunguka juu ya ekseli ya mbele ya tela. Ukitikisa usukani kidogo, kila kiungo kinaongeza chake, mwisho wa mkia unapigwa kama kiboko. Kizito kikae mbele, hata wapakuaji wakinuna.

Mimi nilijifunza kwa uchungu, 2004. Simenti kutoka Tanga, nusu inashuka Same. Kwa uvivu tukashusha ya kwenye bodi maana ilikuwa rahisi, tela likabaki limejaa. Kabla ya Mwanga mvua ikaanza, kona ndogo tu, nikagusa breki. Mwanangu, tela likawa ndiyo dereva. Lilinisukuma kiubavu mpaka nikaona taa zake za nyuma kwenye dirisha langu. Tulilala mtaroni mpaka asubuhi, simenti imelowa yote, na mshahara wa miezi miwili ukaenda hukohuko.

Kikafu ingia na gia ya chini tangu juu. Breki zimalize kazi kabla ya kona. Na hiyo pini ya ndoano ikague kwa mkono, usitume utingo. Ikiwa inacheza, tela litacheza hata tupu.

Gia Nane, Usa River
Naunga mkono. Binamu yangu yuko Marekani, majimbo mengine kule kichwa kimoja kinavuta matela matatu, na leseni lazima iwe na alama T. Kitabu chao cha leseni kinasema tela la mwisho la matatu hupinduka kirahisi mara 3.5 kuliko semi ya ekseli tano. Nao pia jepesi ndilo wanaliweka mwisho.

Rivasi: acha mazoea ya usukani wa semi. Ukitaka mkia uende kulia, anza usukani kulia, kidogo sana. Likianza kukunjana usilifukuzie, songa mbele linyooke uanze upya. Na ukikuta uwanja unaoweza kuzunguka, kwa nini urudi nyuma?

Dereva wa Kiboriloni
Asanteni wazee. Nimetoka kukagua pini sasa hivi: imelika, kidole changu kidogo kinapita pembeni. Bosi nimempigia, kasema "malizia hii trip kwanza". Gari nimelipaki. Utingo ndiye amefurahi kuliko wote.