Aslan ni Yesu? Kusoma Narnia na darasa lenye Wakristo na Waislamu

Mwalimu_Jinja:
Habari zenu wanajukwaa. Klabu yetu ya kusoma ina wanafunzi wa S2 (mwaka wa pili wa sekondari), wa CRE (somo la dini ya Kikristo) na wa IRE (la dini ya Kiislamu) pamoja. Muhula huu tunasoma The Lion, the Witch and the Wardrobe cha C. S. Lewis, ambamo ndugu wanne, Peter, Susan, Edmund na Lucy, wanapita kabatini na kuingia Narnia, nchi inayotawaliwa na Mchawi: vipindi vinne vya dakika 40, nakala moja kwa watoto watatu. Je, niwaambie mapema kwamba simba Aslan ni mfano wa Yesu? Na nifanyeje klabu isigeuke mahubiri?

Kitabu_Mbale:
Usiwaambie, Mwalimu. Aslan anatajwa mara ya kwanza sura ya 7, na Lewis anaeleza pale pale kwamba wale watoto hawamjui ni nani, sawa na msomaji. Ukitoa jibu kabla ya hapo umewanyang'anya sura nzima. Kwa sababu hiyo angalia pia namba kwenye jalada. Matoleo mengi ya siku hizi yanakiita hiki kitabu cha pili na kutanguliza The Magician's Nephew cha 1955. Hiki ni cha 1950, anzeni nacho.

Jambo la pili ni kutenganisha istiara kamili, ambamo kila kitu ni alama ya wazo fulani, na alichofanya Lewis. Kwa John Bunyan, katika The Pilgrim's Progress cha 1678, jitu liitwalo Kukata Tamaa ndilo kukata tamaa kwenyewe. Ondoa maana, na jitu halipo. Lewis aliijua istiara vilivyo, aliitungia kitabu cha kitaaluma mwaka 1936, na bado alikataa kuiita Narnia hivyo. Yeye aliuliza: kungekuwa na ulimwengu wa wanyama wasemao unaohitaji kukombolewa, Kristo angeujia kwa umbo gani? Ndiyo maana si kila kitu kina fumbo. Mwalimu anayeuliza "Kabati linawakilisha nini? Wale biva, wanyama wa mtoni, wanawakilisha nani?" anawafundisha watoto kubahatisha.

Sura ni 17. Gawa 1–6, 7–12, 13–15, 16–17. Kipindi cha tatu ndicho chenye uzito. Chora jedwali la safu tatu: tukio, linapofanana na Injili, linapotofautiana. Meza ya Jiwe, anapouawa Aslan, inapasuka, nalo pazia la hekalu lilipasuka (Mathayo 27:51). Susan na Lucy wapo alfajiri, kama wanawake kaburini. Kisha safu ya tatu, ambayo walimu wengi huiruka: Aslan anakufa kwa ajili ya mvulana mmoja, Edmund aliyewasaliti ndugu zake, si watu wote. Na aliyesimama kudai damu ni Mchawi! Sheria inampa haki ya kumuua kila msaliti. Hiyo iko karibu zaidi na fundisho la kale la fidia, kwamba Kristo alijitoa kuwa malipo kwa Shetani, kuliko lile tunalolisikia zaidi makanisani, kwamba deni lilikuwa kwa Mungu. Watoto wa CRE wataliona wenyewe ukiwapa nafasi.

Bint_Arua:
Nakubaliana na Ndugu wa Mbale, ila jedwali lisitangulie. Kwanza soma sura ya 14 kwa sauti, yote, bila kusimama: wafuasi wa Mchawi wanavyomfunga Aslan, wanavyomnyoa manyoya ya shingo, wanavyomfunga mdomo naye hajitetei. Ukichora safu kabla ya hapo, watoto watakuwa wanawinda majibu wala hawatamwonea simba huruma.

Kuhusu watoto wa IRE: usiwaombe wakubali, waombe waeleze. Kurani inakanusha kusulubiwa kwa Nabii Isa (4:157), na inasema hakuna abebaye mzigo wa mwingine (6:164). Kwa hiyo swali lao ni zito: je, ni haki Aslan kufa badala ya Edmund? Liandike ubaoni, kisha upande wa Wakristo utoe jibu kwa kutumia kitabu, si kwa kukariri mistari. Hapo hakuna mgeni darasani.

Onyo moja. Wakipenda kuendelea na mfululizo wa Narnia, kuwa mwangalifu na The Horse and His Boy cha 1954 na kile cha mwisho, The Last Battle cha 1956. Humo wamo Wakalormen, watu wa nchi iliyo kusini ya Narnia, wenye vilemba na mapanga yaliyopinda, wanaomwabudu Tash. Tash si mungu wa Waislamu, anadai kafara za watu, lakini mavazi yameazimwa Mashariki na mtoto ataumia. Visisomwe bila kulisema hilo wazi. Msome pia Emeth katika kile cha mwisho: kijana aliyemtumikia Tash kwa moyo safi, na Aslan akampokea. Wakristo wenyewe wanabishana juu ya ukurasa huo.

Mwalimu_Jinja:
Asanteni sana. Edmund je, ni Yuda? Na zile pipi (Turkish Delight) ambazo Mchawi anampa Edmund nizieleze vipi?

Kitabu_Mbale:
Si Yuda. Edmund anasamehewa na kuvikwa taji. Katika sura ya 13 anazungumza na Aslan faraghani, na Lewis hatuambii walisema nini. Waache watoto waandike mazungumzo hayo, aya moja inatosha.

Pipi ni laini, za sukari na wanga, zimenyunyizwa sukari ya unga. Waambie kwamba Uingereza pipi zilitolewa kwa mgao hadi Februari 1953, ndipo waone kwa nini mtoto wa wakati huo angetamani kiasi hicho. Na zimerogwa: kila ukila unataka zaidi. Majira ya baridi yasiyoisha, ambayo Mchawi ameyaleta Narnia, nayo yatahitaji dakika mbili tatu. Picha ya vilele vya Rwenzori itasaidia, halafu waulize nchi isiyopata msimu wa kupanda itakula nini.

Bint_Arua:
Na nakala zikiwa chache, anayesoma kwa sauti akae katikati ya wale watatu, la sivyo wa pembeni wanaacha kufuatilia kufikia ukurasa wa pili.